Salamu Maria Sita Juu ya Njegere

Goma, Ndosho, siku ya Mungu, tarehe 26 Mei 2024.
Leo ni mwaka mmoja na miezi mitatu tangu nishuke kilima cha Masereka na mfuko mmoja mgongoni.

Kwako Yaya Kanyere,

Nakusalimu wewe, namsalimu Mama Katungu pamoja na magoti yake, namsalimu binti yangu Bénie, ambaye najua ndiye atakayeishika barua hii wa kwanza na kuipaka mafuta ya mandazi. Mwambie nimepata habari ya pointi zake sabini kwa mia, na nimewaambia hata watu ambao hawakuniuliza. Kaburi la mama yake najua unalipalilia wewe. Asante, dada yangu.

Mimi niko mzima. Chumba ni kilekile, na ninalala humo na Twagirimana, mutu wa Rutshuru, anayekoroma kama lori linalopanda Kabasha. Mvua ya huku inanyesha juu ya mawe meusi na haiachi hata tope. Bado sijaizoea. Nimeacha kazi ya kupasua mawe, maana mgongo ulikataa. Huu ni mwezi wa nne niko kwenye depo ya kukausha mboga, na hapo ndipo nina neno la kukuambia.

Tunakausha njegere, zile mbichi. Zinafika asubuhi katika magunia, nyingine zinatoka vilima vya Kibati, nyingine Masisi. Tuna agronomu, mtaalamu wa mazao, msichana anaitwa Umuhire. Siku ya kwanza nilimwona anashika njegere moja kwa chuma chenye meno mawili, anaipima urefu, anaipima upana, anaipima unene, anaandika. Kisha anaweka kikombe kizima juu ya ubao na kuuinua ubao polepole hadi njegere zianze kubingirika. Nilicheka. Nikasema, huyu amekosa wadogo wa kucheza nao. Lakini nimekaa naye, na sasa nakuambia: njegere ni maji yaliyovaa ngozi. Ukiweka kilo kumi mbichi, ikikauka vizuri unabaki na kilo mbili na robo tatu. Kilo saba zote zimekwenda hewani! Na maji ya kwanza yanatoka mbio, ni siku moja tu, lakini yale ya mwisho yanabembelezwa. Ukiyaharakisha kwa moto mkali, ngozi inajifunga kwa nje na maji yanabaki kifungoni ndani. Unaigonga, inalia kama kokoto. Unaiweka kwenye gunia, mwezi mmoja, ukungu. Unakumbuka mwaka ule mbegu ya Mama ilipooza, tukamlaumu shemeji kwamba aliimwagia maji? Tumwombe msamaha.

Sasa sikiliza siri ya depo. Kabla ya kuanika, njegere zinatumbukizwa katika maji yanayochemka. Si kupika! Muda mfupi tu. Umuhire anatazama saa, mimi sina saa, nahesabu Salamu Maria sita. Ya saba ukiisema, umeharibu. Halafu haraka kwenye maji baridi, halafu kwenye trei za wavu, tabaka moja tu, zisipandane. Zinakauka upesi kuliko zile ambazo hazikuoga, na zinabaki kijani hadi mwisho. Na jambo kubwa: hazitobolewi. Maji ya moto yanaua mayai ya yule mududu anayezitoboa ndani kwa ndani. Nimefungua magunia ya miezi mitatu na sikuona tundu hata moja.

Kazi yangu ni kusimamia hayo maji ya moto. Kila njegere inayotoka hapa imepita kwangu.

Kwa hiyo msimu huu fanyeni hivyo. Zote. Hata mbegu ya Mama, ile aliyokuja nayo siku ya ndoa yake, iogesheni, tuone kama mududu ataingia tena. Nataka nikirudi niikute kijani.

Barua hii anaileta Luc, yule wa vitunguu, anayezungukia Uganda kwa sababu ya vita njiani. Simu nimeacha kujaribu, kwa kuwa mnara wenu hauna sauti tangu waibe betri zake.

Ndimi mdogo wako,
Wenceslas

*

Masereka, tarehe 7 Julai 2024.

Wenceslas, mutoto wa mama yangu,

Salamu kutoka kwetu sote. Mama anakula vizuri, analalamika vizuri. Bénie ameota jino lililokuwa limechelewa. Mbuzi mwekundu alizaa mapacha, mmoja akafa, mwingine tumempa jina la shemeji yako kwa sababu hasikii.

Barua yako ilifika tarehe 19 Juni. Siku ya Mungu iliyofuata padri hakuweza kuja, basi katekista Benny aliongoza sala peke yake, na baada ya matangazo akaniomba barua yako. Akaisoma mbele ya watu wote, kurasa zote nne. Alipofika mahali pa Salamu Maria, aliinua kidole akasema, "Mnaona? Hata Goma, hata kazini, kijana wetu hajaacha rozari!" Watu walipiga makofi. Mama alitazama chini.

Mwisho wa Juni watu wa Kanyabayonga, wakikimbia vita, walianza kupita hapa na magodoro kichwani. Walipita siku tano mchana kutwa. Wengine wako shuleni bado, Bénie hasomi kwa ajili hiyo. Wenye njaa walichuma walichokikuta, na sisi hatukuwafukuza, ungefukuza nani? Lakini kila mwenye shamba aliogopa kwamba kesho yake atapita yeye. Basi kilima kizima kilivuna mapema. Sisi tulivuna njegere zote zikiwa mbichi, hata ule mstari wa mbegu ya Mama ambao kila mwaka tunauacha ukauke wenyewe shambani. Ulikuwa umebakiza kama wiki tatu.

Tulifanya kama ulivyoandika. Zote, hata za mbegu. Usiwe na wasiwasi.

Mwandiko wako umepinda. Kwani uliandika kwa mkono upi?

Yaya yako,
Kanyere

*

Goma, tarehe 25 Julai 2024.

Yaya Kanyere,

Nawasalimu nyote. Msalimie Bénie na jino lake. Luc amefika leo asubuhi akiwa na barua yako, na anaondoka tena kesho, kwa hiyo sina muda wa kuuliza habari za mbuzi. Nisamehe.

Yaya, ile mbegu mliyoiogesha imekufa.

Nitakueleza ilivyokuwa. Nilikuwa nimesimama karibu na pipa la maji, nimesoma barua yako, nimefurahi. Nikamwambia Umuhire, "Mama Agronomu, kijiji kizima kwetu sasa kinakausha kwa njia yako. Barua yangu imesomwa kanisani!" Akafurahi sana. Akauliza ni njegere za kuuza au za kula nyumbani. Nikasema za kula, na za mbegu pia.

Akaacha kalamu. "Za mbegu mmezifanyaje?"

"Tumeziogesha. Kwa ajili ya mududu."

"Papa Wenceslas, kuku aliyechemshwa anataga?"

 Akaniambia polepole, kama mutu anayeongea na mgonjwa, kwamba ndani ya kila njegere kuna kichanga amelala, mdogo kuliko punje ya mtama, na maji yangu yanaua mayai ya mududu na yanamwua na huyo kichanga pamoja. Kinachobaki ni chakula kizuri cha kijani. Ukikipanda, kinaoza. Ningemwuliza mapema angeniambia. Lakini nilijifanya ninajua.

Toka saa ile sijala. Nimempigia katekista mara saba kwa simu ya Twagirimana, na sauti ya yule mwanamke inasema tu kwamba haipatikani. Sasa Twagirimana amekaa kitandani, anasema, "Andika tu, rafiki, kunyamaza hakutaotesha kitu."

Basi nitaandika yote. Mimi si mkubwa wa maji ya moto. Ni mbeba magunia, na tangu mwezi wa tatu waliniweka kwenye pipa kwa sababu aliyekuwapo alikimbia joto. Mkono wangu wa kulia uliungua mwezi wa nne, pipa liliyumba nikalishika. Ndiyo maana mwandiko umepinda. Depo walilipa dawa, ngozi imeanza kurudi, na vidole vyote vinakunjika. Sikutaka Mama ajue.

Yaya, nilikaa miaka mitano shuleni, nikatoka. Maisha yangu yote wewe na Mama ndio mlinifundisha, hata kushika jembe. Hii ilikuwa mara ya kwanza mimi niwe na kitu cha kuwafundisha ninyi. Na tazama nilichofundisha. Ile mbegu Mama aliibeba katika kitambaa siku ya ndoa yake. Ilipona njaa, ilipona mvua ya mawe, ilipona kukimbia kwetu mara mbili msituni. Haiuzwi sokoni popote. Na kilima kizima kimesikia barua yangu. Mutu aliyeua mbegu za kilima chake anarudi kwa uso gani? Kama ni hivyo, mimi nitabaki huku kwenye mawe, na Bénie umlee kama wako.

Lakini Umuhire anasema kwanza tujaribu. Labda maji yenu hayakuchemka sawasawa, labda Salamu Maria za Masereka ni fupi. Chukua punje kumi za mbegu ya Mama, usichague nzuri, shika tu. Zilaze juu ya kitambaa kilicholowa, funika, weka mahali pa joto karibu na jiko, si juu ya moto. Lowesha asubuhi na jioni. Hesabu siku saba, hata nane, kwa sababu kwenu kuna baridi. Zilizo hai zitatoa mkia mweupe. Niandikie ni ngapi. Usinifiche hata kama ni sifuri.

Wenceslas

*

Masereka, tarehe 15 Agosti 2024, sikukuu ya Bikira Maria.

Wenceslas wangu,

Salamu. Tuko wazima, na wewe kaa chini kabla ya kuendelea.

Nilikudanganya. Hatukuiogesha mbegu.

Katekista aliposoma pale penye "hata mbegu ya Mama", Mama aliniinamia sikioni akasema, "Huyu mutoto anataka tupande mchuzi?" Nikajiziba mdomo kwa kitenge. Baada ya sala, wanawake tulikutana nje penye tangi la maji. Jirani yetu Mapendo alikuwa ameshika tumbo kwa kucheka. "Kanyere, ndugu yako ni mwanaume, wacha tumsamehe. Mwanaume hajui kwamba kilichoingia sufuriani hakirudi shambani." Tulicheka, Wence, siwezi kukuficha tena. Lakini zile za kula tuliziogesha kweli, kwa Salamu Maria sita, na zimekaa kijani hadi leo, hata Mapendo anajisifu kama ni yeye aliyebuni. Hilo ulilifundisha wewe.

Mbegu, Mama aliing'oa na mashina yake yote. Tukafunga mafungu, tukayaninginiza kichwa chini, ndani ya paa, upande usiopigwa na jua, maganda yakiwa yamefungwa. Alisema, "Zimenyang'anywa shamba mapema, basi ziache zinyonye shina lao hadi mwisho." Zilikaa wiki tatu hadi maganda yakalia yakiguswa.

Utauliza kwa nini niliandika uongo. Tangu uondoke, barua zako zilikuwa mistari mitano. Niko mzima, mvua inanyesha, kwaheri. Halafu mara moja zikaja kurasa nne, na ndani yake ulikuwa wewe mwenyewe, unacheka, unatuamrisha. Nikasema, nikimkatalia hili moja atarudi kwenye mistari mitano. Sikujua neno langu lingekunyima chakula. Nisamehe na wewe.

Na ule ukubwa wako, hatukuuamini hata siku moja. Mama alisema, "Anayehesabu Salamu Maria juu ya sufuria si mkubwa, ni mpishi." Lakini mkono, Wenceslas! Nimemwambia Mama jana. Hakulia. Alitoka nje, akakaa kwa mbuzi kitambo.

Sasa sikiliza, kwa sababu barua yako ilinitia hofu nyingine ambayo sikuwa nayo. Kweli hatukuichemsha, lakini tuliing'oa changa. Hakuna kati yetu aliyewahi kupanda mbegu iliyovunwa mapema hivyo. Mama alijifanya hana wasiwasi, lakini kila siku nilimkuta ameshika ganda, analisikiliza. Basi nilifanya kama ulivyosema. Punje kumi, bila kuchagua. Zilikuwa ndogo kuliko za kila mwaka, zina mikunjo kama uso wa mzee. Nililaza kitambaa kwenye sahani karibu na jiko. Bénie alipewa kazi ya kulowesha, naye alilowesha hadi nikamwambia hatufugi samaki.

Siku ya tatu zilivimba, mikunjo ikaondoka. Nikafurahi. Mama akasema, "Hata iliyokufa inavimba. Usifurahie tumbo." Siku ya nne, hakuna. Siku ya tano, hakuna.  Siku ya sita asubuhi Bénie alifunua kitambaa akaita, "Shangazi, ina pua!" Nikakimbia. Moja ilikuwa imepasua ngozi na kutoa kitu cheupe. Jioni zilikuwa tatu. Siku ya nane zilikuwa saba.

Saba kwa kumi, mdogo wangu. Mama alizihesabu kwa kidole mara mbili, akasema, "Basi," akaenda kulala saa kumi na moja ya jioni, akalala hadi asubuhi. Sijamwona akilala hivyo tangu Juni.

Kwenye kilima, wengine wote waliacha mbegu zao bila kuogesha, isipokuwa mmoja. Katekista Benny. Aliyeisoma barua ndiye peke yake aliyeiamini. Alichemsha beseni mbili nzima, na rozari mkononi. Baada ya barua yako ya pili nilikwenda kumwambia. Akauliza, "Kwa hiyo nilisali vizuri lakini juu ya mazishi?" Mke wake alicheka hadi akatoka nje. Tumepitisha kikapu, kila nyumba ikaweka kikombe kimoja cha mbegu, na sasa ana zaidi ya ile aliyochemsha. Zile za beseni anakula. Anasema ni tamu.

Tutapanda mvua ikishika, Septemba. Watu waliokimbilia shuleni wameanza kuondoka. Mama anauliza neno moja tu, nami naliandika kama alivyolisema: "Huo mkono unaweza kudondosha punje shimoni, au hauwezi?"

Kanyere

*

Goma, siku ya Mungu, tarehe 1 Septemba 2024.

Yaya Kanyere,

Nakusalimu, namsalimu Mama, namsalimu Bénie mwenye macho ya kuona pua ya njegere. Salamu kwa Mapendo, acheke tu. Salamu kwa shemeji wote wawili, wa miguu miwili na wa miguu minne.

Barua yako niliipata jana. Niliisoma nimesimama, ijapokuwa uliniambia nikae. Nilipofika kwenye mchuzi nilikasirika kidogo. Nilipofika kwenye saba nilikaa chini kabisa, juu ya gunia, na Twagirimana akadhani mutu amekufa kwetu. Nikampa asome. Anasoma polepole. Nikamtazama uso hadi akafika mahali pa katekista, na hapo akacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Jana tulikula maharagwe na ndizi, sahani mbili mbili. Nilikuwa sijashiba tangu Julai.

Sikukasirikia uongo wako. Na mimi nilidanganya, tena wa kwangu ulikuwa mkubwa kuliko wako. Kurasa nitaandika tu, hata mkinikatalia kila kitu.

Umuhire nimemwambia saba kwa kumi. Aliandika kwenye daftari lake, kisha akauliza Mama alikausha namna gani. Nikamweleza mashina, kichwa chini, kivulini, maganda yamefungwa. Akaniambia nirudie. Akaandika tena, akapiga mstari chini yake. Akasema, "Mwambie mama yako kwamba nimeandika jina lake." Anashauri hivi: kwa kuwa tatu kwa kumi hazitaota, msidondoshe punje mbili katika shimo kama kawaida, dondosheni tatu. Na katika mavuno yajayo mstari wa mbegu uachwe shambani hadi mwisho, Mungu akitupa utulivu, ili punje zirudi ukubwa wake. Nimekuandikia kama alivyosema. Mkiona ni mchuzi, muache.

Jibu la swali la Mama: mkono unaweza. Jana nilijaribu na njegere za depo, tatu tatu, chini ya meza, kama mutoto. Ngozi ni nyekundu na inavutika kidogo nikinyoosha, basi.

Depo nimewaambia. Wamesema nikirudi baada ya msimu nafasi ipo, na nimesema tutaona. Pipa nimemkabidhi Twagirimana. Yeye si mkatoliki, kwa hiyo amenunua saa.

Njia ya moja kwa moja bado ni ya wanaume wenye bunduki, kwa hiyo Luc akishawaletea barua hii na kurudi, nitafuatana naye: Bunagana, kisha Uganda, kisha Kasindi, Beni, Butembo. Anasema siku tatu kama hakuna mutu wa kutusumbua mpakani, nne kama yupo. Naondoka Goma Jumatatu tarehe 16 Septemba. Natarajia kufika Masereka Alhamisi tarehe 19, au Ijumaa asubuhi ikichelewa sana. Mvua ikitangulia, msipande. Ningojeeni.

Wenceslas